Kifaa cha Kumrudisha Gakwaya Nyumbani

Nyamirambo, Kigali
19 Oktoba 2025

Mwanangu Ingrid,

Pokea salamu zetu wewe na mumeo Clovis. Mimi na mama yako mkubwa Joselyne ni wazima. Goti lake linamsumbua akipanda ngazi za kanisa, lakini anapanda. Masikio yangu yanazidi kuziba. Daktari anasema ni malipo ya kusoma habari redioni miaka mingi nikiwa nimevaa vipokea sauti, na ndiyo maana nakuandikia badala ya kupiga simu. Habari za ujauzito tumezipata. Joselyne ameshaanza kufuma kofia, ingawa nimemwambia Ubelgiji zipo.

Nakuja kwenye jambo lenyewe. Tangu mashindano ya dunia yapite hapa mwezi uliopita, mji mzima unazungumza baiskeli. Baba yako aliyatazama akiwa kando ya barabara tangu asubuhi, amesimama, kiti tulichombebea hakukikalia. Aliona kila mshindani ana kompyuta ndogo kwenye usukani. Anataka yake, na mimi nataka awe nayo.

Nikueleze kwa nini. Joselyne anaona wakati umefika baiskeli itundikwe, kwa sababu ya umri na magari. Nilibishana naye hadi tukakubaliana hivi: maadamu Gakwaya anatoka Jumapili asubuhi na kurudi mwenyewe bila kufuatwa, baiskeli ni yake. Siku atakayoshindwa kurudi, itatundikwa. Baba yako alikuwepo na alikubali. Unajua baiskeli ni nini kwake. Tangu mama yako Uwimana afariki, hakuna kingine kinachomtoa nje.

Clovis anavijua vifaa hivi. Mwulize kipi kinafaa, kisha uniandikie.

Baba yako mkubwa,
Cassien


Namur
16 Novemba 2025

Baba mkubwa,

Shikamoo, na shikamoo kwa mama mkubwa. Mwambie kofia aendelee nazo, huku baridi imeshaanza. Mimi naendelea vizuri, isipokuwa harufu ya kahawa, ambayo sasa siivumilii. Clovis anakunywa yake kwenye ngazi za jengo kama mtu aliyefukuzwa.

Umemchokoza Clovis wangu. Meza ya kulia chakula imejaa karatasi za maduka. Anasema viko vya aina tatu. Kuna kidogo kisicho na ramani, kinaonyesha kasi na umbali tu, na betri yake haiishi haraka. Kuna cha katikati, kinapima mapigo ya moyo na kuonyesha mlima uliobaki mbele yako. Halafu kuna kikubwa chenye ramani ya rangi, cha kugusa kioo kama simu. Yeye angemnunulia cha katikati. Kwa vilima vya Kigali, anasema, mzee atapenda kujua kimebaki kiasi gani cha kupanda. Nilimjibu kwamba baba yangu akiambiwa mlima bado mrefu atamtukana aliyemwambia.

Niambie baba anataka kuona nini hasa. Kasi? Moyo? Ramani ya nini kwa mtu aliyezipanda barabara zile tangu turudi kutoka Bujumbura?

Jambo jingine dogo. Jumapili nilimpigia. Alinisifia mvua ya kwetu Kabeza na maua ya mama pale getini. Nikamwuliza anakula nini, akasema anamsubiri mama arudi sokoni. Alikuwa ananitania? Hakucheka.

Mwanao,
Ingrid


Nyamirambo
7 Desemba 2025

Mwanangu Ingrid,

Tumefurahi kusikia unakula, hata bila kahawa. Huku mvua hazijaacha. Ukuta wa jirani umeanguka upande wetu na tumesaidiana kuujenga siku ya umuganda, mtaa mzima ulipotoka kufanya kazi ya pamoja. Joselyne amemaliza kofia mbili, moja kubwa mno.

Mapigo ya moyo, ondoa. Mlima uliobaki, ondoa. Kasi haina kazi. Kioo cha kugusa hakifai, kwa sababu ya mvua, na kwa sababu kidole kikigusa pasipotakiwa ukurasa hubadilika na mtu hajui amefika wapi. Tunataka vitufe vya kubonyeza. Maandishi yawe makubwa, ya Kifaransa, na yasomeke juani. Betri idumu siku nzima, hata akichelewa.

Ramani inahitajika. Unauliza ya nini. Mji huu umebadilika tangu uondoke. Mitaa imebomolewa, barabara mpya zimechongwa, hata mimi nimewahi kupotea Kimironko mchana kweupe.

Sasa mwulize Clovis hili, na anijibu kwa uangalifu. Nimesoma kwamba vifaa vingine humrudisha mtu mahali alipoanzia safari. Hicho hakitufai. Mtu anaweza kusahau kukiwasha, akakiwasha akiwa njiani, nacho kitamrudisha palepale njiani. Nataka chenye nyumba iliyohifadhiwa ndani, na kitufe kimoja. Popote atakapokibonyeza, kimpeleke nyumbani. Kama inawezekana, kilie anapofika.

Kuhusu simu yenu, Jumapili ile mtandao ulikuwa mbaya huku.

Cassien


Namur
2 Januari 2026

Baba mkubwa,

Heri ya mwaka mpya kwenu wote. Tumbo limekuwa meza, naweka sahani juu yake. Daktari anasema ni msichana, atakuja Machi.

Kifaa tumekipata. Clovis alisoma barua yako akasema huyu mzee hajiandai kwa mazoezi, anajiandaa kuvuka jangwa. Kina vitufe pembeni na hakuna cha kugusa. Maandishi ni makubwa na meusi. Kitufe cha chini kulia, ukikibandika kidole mpaka kilie, kinachora mstari mnene mwekundu kutoka ulipo hadi kwenye nyumba iliyohifadhiwa. Ukifika kinalia tena na kuandika *Arrivée*, yaani umefika. Clovis alikijaribu mtaa wa nne kutoka hapa, akarudi amelowa na amefurahi.

Nyumba nimeiweka mwenyewe ili mtu asisumbuke. Nilikaa kitandani nikatafuta Kabeza kwenye picha za setelaiti, nikafuata njia kutoka dukani hadi nikaona paa letu la kijani na mparachichi nyuma. Niliutazama muda mrefu. Nikaweka alama juu ya geti, kwenye maua ya mama. Imeandikwa *Maison*, nyumbani.

Johnson, jirani yetu hapa, anasafiri kuja huko kesho kutwa, na kifaa anacho tayari. Alikichukua leo asubuhi kabla sijamaliza barua hii, kwa hiyo yenyewe itakuja kwa posta.

Mpe baba. Mwambie ni kutoka kwa mjukuu wake.

Ingrid


Nyamirambo
20 Januari 2026

Mwanangu Ingrid,

Johnson amefika na mzigo salama, akatueleza habari ya mtoto na ya kitufe. Barua yako bado. Tunamshukuru Mungu kwa msichana, na tunakushukuru wewe na Clovis. Joselyne amefumua kofia ile kubwa.

Kifaa kilifungwa na Usumani, fundi baiskeli wa hapa kwenye kona yetu, mtu makini. Alikiunganisha na intaneti ya duka lake ili kipate ramani ya Kigali. Aliona neno *Maison* limeshajazwa, akaliacha. Baba yako alikishika mkononi muda mrefu kabla ya kukubali kifungwe. Alisema kinafanana na redio yetu ndogo ya zamani.

Jumapili alitoka nacho. Safari ilikuwa ndefu kuliko tulivyopanga.

Usumani anauliza namna ya kuibadilisha ile *Maison*. Amejaribu akashindwa. Niandikie hatua zote kwa utaratibu, nami nitamsomea.

Cassien


Namur
15 Februari 2026

Baba mkubwa,

Natumaini goti la mama mkubwa limepoa na nyinyi nyote mnalala vizuri. Mimi silali, mtoto anapiga mateke usiku.

Hatua alizoziomba Usumani nimeziandika kwenye karatasi ya pili, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili.

Sasa na mimi nina swali. Kila Usumani anapokiunganisha kifaa dukani kwake, safari za baba huja kwenye simu ya Clovis. Hatukupanga kumpeleleza mtu, ndivyo kilivyotengenezwa. Mwanzoni tulifurahi kuona mstari mwekundu ukipita mjini. Juzi nilizipanga safari zote pamoja. Kila moja inaanzia kwenye geti lako. Kila moja inazunguka, inasita, halafu inanyooka hadi Kabeza na kuishia kwenye geti letu. Hakuna hata moja inayotoka Kabeza kuja Nyamirambo.

Kama baba anaishi Kabeza, baiskeli inafikaje kwako kila Jumapili asubuhi?

Nimemwuliza yeye kwenye simu yuko wapi. Amesema yuko nyumbani, Kabeza, na kwamba jua linawaka. Hapo nyuma yake nilisikia mwadhini. Pale kwetu Kabeza msikiti hausikiki.

Umesoma habari maisha yako yote. Mimi nilikuwa mtoto nasikiliza ukisoma matangazo ya vifo, jina, mahali, siku, na sauti yako haikutikisika. Niandikie hivyo hivyo. Usiniambie mtandao ulikuwa mbaya.

Ingrid


Nyamirambo
29 Machi 2026

Mwanangu Ingrid,

Hongera. Johnson alitupa habari kwamba mtoto amezaliwa salama na kwamba mmempa jina la mama yako. Joselyne alikaa chini aliposikia. Nasi ni wazima.

Barua yako ilinifikia mwanzo wa mwezi. Nilingoja ujifungue. Kwetu mjamzito hapelekewi habari nzito, na wewe unalijua hilo. Sasa nakujibu.

Baba yako ana ugonjwa wa kusahau. Daktari alithibitisha Februari mwaka jana. Mwezi Juni majirani walimkuta Kabeza na mlango wazi na jiko linawaka, naye yuko barabarani anamtafuta mama yako. Tukamleta kwetu. Nyumba iliuzwa Agosti kwa saini yake mwenyewe, siku ambayo akili yake ilikuwa imetulia. Siku hiyohiyo alinikataza kukwambia. Alisema utaacha kazi na kurudi. Kesho yake alikuwa amesahau kwamba alinikataza, lakini mimi sikuwa nimesahau.

Anapokwambia yuko Kabeza hakudanganyi. Ndiko anakoamini yuko.

Baiskeli hajaisahau. Miguu inakumbuka, breki anakumbuka, upande wa barabara anakumbuka. Kilichopotea ni njia ya kurudi. Ndiyo maana nilikuuliza maswali yale. Niliandika yote isipokuwa lile lenye maana, yaani anwani ya kumrudisha.

Jumapili ya kwanza alibonyeza kitufe, akapelekwa Kabeza. Nyumba sasa ni ya mama mmoja anaitwa Kamikazi. Alinieleza kwamba alisikia kifaa kinalia nje, akatoka, akamkuta mzee anasukuma geti. Akamwuliza anamtaka nani. Baba yako alimwonyesha kioo kwa upole.

"Hii kitu imesema nimefika," alimwambia. "Sasa kwa nini geti iko imefungwa?"

Kamikazi alimpa kiti na maji, akatafuta namba yangu kwenye karatasi za mauzo. Joselyne ndiye aliyepokea. Nilimfuata kwa teksi, baiskeli ikapakiwa kwenye gari dogo la mizigo. Njiani aliniambia Uwimana ameajiri mfanyakazi mkarimu.

Kwa makubaliano yetu, baiskeli ilipaswa kutundikwa siku hiyo. Nilimwambia Joselyne kosa ni la kifaa, si la Gakwaya, na kwamba kifaa kitarekebishwa. Barua yako ya Januari ilipokuja nikaelewa kosa ni la nani. Jumapili zilizofuata alikwenda tena, na kila mara nilimfuata. Kamikazi hakuchoka. Alikuwa ameanza kumwekea chai.

Hatua zako zilipofika, Usumani aliibadilisha *Maison* ikawa geti letu. Jumapili iliyofuata nilisimama dirishani. Nilimwona anakuja anafuata mstari, vizuri kabisa, bila kukosea kona hata moja. Kifaa kikalia. Akasimama, akasoma, akatazama geti letu, akasoma tena. Nikafungua.

"Karibu, Gakwaya. Umefika."

"Hapana," alisema. "Hii imeharibika. Inanileta kwa watu."

Alikichomoa kwenye usukani, akakiweka juu ya ukuta taratibu, akageuza baiskeli, akaondoka. Nilipofika kwenye kona nilikuwa nimeshampoteza. Tulimpata jioni Remera, amekaa ukingoni mwa barabara, baiskeli imelala miguuni pake. Alikuwa akiwauliza wapita njia kama wamemwona kaka yake Cassien. Mimi nilikuwa nimesimama mbele yake.

Hizo ndizo habari. Baiskeli imetundikwa.

Cassien


Namur
19 Aprili 2026

Baba mkubwa,

Uwimana ana afya, ananyonya, ana vidole virefu vya baba. Mama mkubwa atafurahi kusikia kofia inamtosha.

Barua yako nimeisoma mara moja. Sitaisoma tena kwa sasa. Miezi yote ile uliniandikia kuhusu vitufe, na mimi nikakujibu kuhusu vitufe. Clovis alijua kuna jambo kabla yangu, akanyamaza kwa sababu ya tumbo. Nimezungukwa na watu wenye huruma.

Nina ombi moja. Irudisheni *Maison* Kabeza. Mrudishieni baiskeli kwa siku moja, Usumani apande pembeni yake, na wewe ufuate. Huyo mama Kamikazi mwombeni, kama hatakataa, geti lisifungwe. Kila kifaa kilipomwambia amefika Kabeza alikiamini. Mwacheni afike mara moja akute pamefunguliwa. Sioni cha kumpa zaidi ya hicho nikiwa huku.

Nitakuja Juni, mtoto akishapata chanjo.

Ingrid


Nyamirambo
10 Mei 2026

Mwanangu Ingrid,

Tumeshukuru kwa picha. Joselyne ameiweka kwenye Biblia. Tumefanya kama ulivyoomba, Jumapili iliyopita, siku ambayo barabara zinafungwa kwa magari asubuhi.

Kamikazi alikubali kabla sijamaliza kueleza. Alifagia uwanja, akafungua geti lote, akaweka benchi chini ya mparachichi. Maua ya mama yako bado yapo, ameyatunza.

Usumani alipanda kushoto kwa baba yako, mimi nyuma kwa pikipiki ya kukodi hadi pale askari wa barabarani walipoturuhusu, kisha kwa miguu. Baba yako alipanda vizuri. Usumani anasema kwenye mteremko wa Kanombe baba yako alimzomea yeye kwa kushika breki mno, akamwita mwanamwali. Akabonyeza kitufe mwenyewe, akafuata mstari.

Kifaa kililia getini. Nilikuwa nimeshafika kwa njia ya mkato, naona uso wake. Alisoma neno. Akatazama ndani: uwanja, benchi, mti, paa. Hakushuka.

"Usumani," alisema, "hapa iko kwa nani?"

"Iko kwako, mzee."

Baba yako alifikiri. "Hapana. Kwangu iko mbali."

Kamikazi alimletea chai. Akaipokea kama mgeni, kwa mikono miwili, akamwuliza kama watoto wake ni wazima, akamshukuru. Kisha akatuambia tusikae sana, tusije tukawachosha watu wenye nyumba yao.

Hakukibonyeza tena kile kitufe. Tulirudi kwa gari. Jioni alinisaidia kuiinua baiskeli na kuitundika, akaifuta vumbi kwenye rimu kwa shati lake. Kifaa nimekizima. Kiko kwenye kabati, utakirudisha au utakiacha.

Nilimwonyesha picha ya mtoto na kumtajia jina. "Jina nzuri," alisema. "Mke yangu pia anaitwa hivyo."

Usingoje Juni kama unaweza kusafiri kabla. Siku nyingine ananiita Cassien, siku nyingine ananiita bwana.

Anwani ambayo sikukuandikia ni hii. Mkitoka uwanja wa ndege, mbele kidogo mtaiona njia ya Kabeza. Msipinde. Endeleeni mpaka mjini, mpande Nyamirambo, mpite msikiti, kisha duka la Usumani kwenye kona. Geti letu ni la bluu. Baba yako yuko chumba cha mbele.

Cassien